Mahusiano Hai Mia Tatu na Arobaini

1

Wito ulimkuta Kassian Ngonyani amelala chali chini ya kompresa, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko. Akamwambia karani wake ausome.

Karani alikaa ndani ya sikio lake la kushoto, kidude kidogo kama punje ya harage, na alizungumza kwa sauti ya Kassian mwenyewe. Mafundi wote wa Jamvi, mtandao wao wa kazi, walikuwa wameshazoea kusomewa habari za dunia na sauti zao wenyewe. Karani akasoma bila haraka. Fundi Kassian Ngonyani wa Makambako anatakiwa mbele ya Kamati ya Nidhamu, Iringa, Alhamisi ijayo saa nne asubuhi. Ataeleza kauli aliyompa Fundi Halfani Tambwe wa Ilambo kuhusu mtambo wa oksijeni wa hospitali ya huko, ambako wagonjwa wanne walifariki tarehe tatu ya mwezi huu.

Kassian akajikokota kutoka chini ya mashine, akakaa sakafuni.

"Mimi sijampa Halfani kauli yoyote," akasema.

"Umempa," karani akasema. "Tarehe mosi, saa nane na dakika kumi mchana."

"Nani kampa?"

"Wewe."

Akamchomoa sikioni, akamweka juu ya sanduku la vifaa, akatoa simu mfukoni asome mwenyewe. Kamati ilikuwa imeambatanisha jumbe saba na majibu yake. Mazungumzo mengine yote kati yake na Halfani, ya miaka kumi na moja, yalikuwa yamefungwa kwa lakiri tangu siku ya vifo. Wawili hao walikatazwa kuwasiliana mpaka shauri liishe.

Ujumbe wa kwanza ulisema: "Salama kabisa, mdogo wangu, ila nimeona mafuta kwenye chujio la pili."

Jibu: "Nimefurahi kusikia, kaka. Kazi njema."

Wa tatu: "Salama. Ila kompresa inatema mafuta kweli, na punje ndani ya matangi nahisi zimeshaloa. Mita inasema usafi asilimia themanini na nne. Mita yenyewe ya zamani, siiamini. Wewe ungefanyaje?"

Jibu: "Tuko pamoja, kaka. Mungu akusimamie."

Wa saba: "Salama. Mdogo wangu, leo naomba unijibu. Nizime, au niendelee mpaka Jumatatu vipuri vije? Mitungi ya akiba ipo sita tu."

Jibu: "Endelea, kaka. Nipo nyuma yako."

Kassian hakuhitaji kuambiwa kilichofuata. Mtambo wa oksijeni hautengenezi kitu, unachuja tu. Unavuta hewa hii hii ya nje, unaikausha, unaisukuma ndani ya matangi mawili yaliyojaa punje nyeupe kama mchele. Punje zinaikamata naitrojeni, oksijeni inapita. Mafuta yakiingia, punje zinakufa, na zinakufa kimya. Presha inabaki ileile. Mshale wa geji hausogei. Mabomba ya wodini yanaendelea kuvuma kama kawaida, na mgonjwa anavuta kwa nguvu zake zote, lakini anachokipata ni hewa ya kawaida, ile ile iliyokwisha kumshinda kabla hajaletwa hospitali.

Jumbe saba ndani ya siku tisa. Hakuna hata mmoja uliofika sikioni mwake.

2

Kassian aliacha shule darasa la sita, mwaka ambao baba yake alimwambia achague kati ya daftari na jembe, halafu akamchagulia. Ufundi aliuokota kwenye gereji. Alipofungua ukurasa wake Jamvini alikuwa na miaka thelathini na minane na hakuwa na mdhamini hata mmoja. Aliuliza swali lake la kwanza mbele ya mafundi elfu tisa: kwa nini matangi yawe mawili, kwani moja halitoshi? Walimcheka siku mbili. Mmoja akamshauri arudi akazibe pancha.

Halfani Tambwe hakucheka. Alimwita pembeni, akamtumia sauti ya dakika kumi na nne. Alikuwa na kikohozi cha mvuta sigara aliyeacha, na alieleza taratibu: tangi moja linafanya kazi huku lenzake linapumua, halafu yanabadilishana, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Kesho yake akatuma nyingine. Akatuma kila siku kwa miaka miwili. Michoro aliichora kwa mkaa juu ya karatasi za mifuko ya saruji, akaipiga picha. Hakuomba chochote. Kassian alipopata cheti, mdhamini wa kwanza kuweka jina lake chini alikuwa Halfani. Hawakuwahi kukutana. Kutoka Makambako mpaka Ilambo ni safari ya siku nzima, na kila mwaka walisema mwakani.

Halafu Jamvi wakabadilisha kanuni. Hospitali zililalamika kwamba mafundi wana wadhamini wa majina tu, watu wasiojuana. Jamvi wakaamua kupima ujirani wenyewe. Uhusiano usiosemeshwa siku saba ukahesabiwa kuwa umepoa. Kazi zikagawiwa kwa idadi ya mahusiano hai, na fundi mwenye chini ya mia tatu alipangiwa kusafisha vichujio vya viyoyozi. Kassian alikuwa na mia tatu na arobaini. Kuwasalimia wote ilikuwa kazi ya kuanzia alfajiri mpaka adhuhuri. Basi Jamvi hao hao wakaleta karani, bure, kwa kila mwanachama. Kanuni ilisema karani atume salamu, pongezi na pole. Kauli ya kazi ilibaki ya binadamu.

Wiki za kwanza karani alimsomea majibu yote. Mtu wa huku ukimwuliza habari, anaanza na salama. Nyumba imeungua, anasema salama. Mtoto yuko hospitali, anasema salama tunamshukuru Mungu, halafu ndipo anakohoa na kukwambia lililompata. Ndivyo watu walivyolelewa. Kassian alikuwa akisikia salama mia tatu na arobaini kila siku huku ameshika spana, na asubuhi moja, mkono umebanwa kwenye pampu na damu inatoka, alifoka.

"Mtu akishasema salama, usinisomee tena. Malizana naye mwenyewe."

"Nimeelewa," karani alisema.

Akamalizana nao. Kila jioni alitoa taarifa ya maneno mawili: wote salama. Kassian akawa fundi wa daraja la kwanza. Alipewa mitambo minne mikubwa, kisha saba. Jamvi walimpa nishani ya Jirani Mwema, mwaka mmoja na wa pili pia. Iliwaka pembeni ya picha yake.

3

Jumapili, baada ya ibada, alimweleza mkewe. Restituta alikuwa fundi cherehani, mtu wa kusikiliza huku mguu uko kwenye pedali. Siku hiyo aliuondoa.

Kassian alimwelezea kanuni jinsi ilivyo. Fundi haruhusiwi kuzima mtambo wa oksijeni, wala kuendelea nao akiutilia shaka, bila kauli ya mwenzake. Akiipata, na mambo yakaharibika, ni kosa la wawili: wote wanasimamishwa miaka mitatu na shauri linaishia Jamvini. Asipoipata, amefanya peke yake, na polisi wanamchukua kwa kuua bila kukusudia. Kauli ya karani si kauli.

"Kwa hiyo ukisema karani ndiye aliyejibu?" Restituta akauliza.

"Napewa onyo. Kila mtu anafanya hivyo, watanipa onyo tu. Halfani anafungwa."

"Na ukisema ni wewe?"

"Nakaa nje miaka mitatu. Naye hivyo hivyo. Lakini hafungwi."

Restituta akamwuliza wale wanne walikuwa nani. Kassian alikuwa ameshayasoma majina. Mwalimu mstaafu. Mama na mtoto wake wa wiki mbili. Dereva wa trekta. Alipofika kwa yule mtoto, alisema haraka haraka.

"Watakuwapo ndugu zao?"

"Wameitwa."

"Basi utasimama mbele ya mama wa yule binti aliyekufa na mtoto wake, useme wewe, kwa akili zako timamu, uliambiwa mafuta yameingia, ukasema endelea."

"Ndiyo."

"Wakati hukusema."

"Wakati sikusikia. Kipi kibaya zaidi, Resti? Niambie wewe."

Restituta alichukua kipande cha kitambaa akakikunja, akakikunjua. Akauliza mara ya mwisho yeye Kassian, kwa mdomo wake, kuzungumza na Halfani ilikuwa lini. Kassian akatazama dari. Alitaka kusema mwaka huu. Alipiga hesabu akafika masika ya mwaka juzi, na hapo hakuwa na uhakika.

"Na bado unasema ni rafiki yako."

"Ndiye rafiki niliyenaye."

"Una mia tatu na arobaini," Restituta akasema, na hakusema kwa mzaha, ingawa siku nyingine ungekuwa mzaha. Wiki iliyopita tu alikuwa amemtania kwamba hata yeye siku hizi anasalimiwa na karani, kwa sababu mume wake mwenyewe hawezi kukumbuka kumwuliza ameamkaje.

Siku tatu zilizobaki Kassian alijifundisha uongo wake kama alivyojifundisha mtambo zamani, kipande kwa kipande. Kwa nini fundi mwenye akili angesema endelea? Kwa sababu mita za aina ile hushuka zikizeeka, zinasoma themanini na nne wakati ni tisini. Kwa sababu mitungi sita ya akiba, kwa wodi yenye vitanda kumi na viwili, haifikishi hata siku moja, na ukizima leo unawaua leo. Kwa sababu vipuri vilikuwa njiani. Alipomaliza kuupanga alishtuka, maana ulikuwa na mantiki. Pengine, kama angesikia, angesema hivyo hivyo. Pengine wale wanne wangekufa tu, na yeye angekuwa na haki ya kulia na wafiwa wao.

4

Ukumbi wa Kamati ulikuwa na meza ndefu, viti vya plastiki, na kioo kikubwa cha video ukutani. Wafiwa walikaa mstari wa mbele. Bibi mmoja mwenye kitenge cha zambarau alikuwa amepakata mfuko wa nailoni wenye vitu vya mtoto, na hakuuweka chini hata mara moja.

Halfani aliletwa kiooni kutoka mahabusu ya Ilambo. Kassian alikuwa anaijua picha yake ya Jamvini, mtu mnene mwenye kofia. Huyu alikuwa amekauka, shati limempwaya shingoni. Alimwangalia Kassian muda mrefu, halafu akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea mgeni mlangoni.

Mwenyekiti aliitwa Bi. Egla Mwakipesile. Alikuwa fundi wa mitambo ya maji kabla magoti hayajamshinda, na hakupenda maneno mengi. Akamsomea Kassian ule ujumbe wa saba na jibu lake. Akauliza nani alijibu.

"Mimi."

"Si karani?"

"Ni mimi, mwenyekiti."

Nyuma yake mtu mmoja aliguna. Kassian hakugeuka. Aliombwa aeleze, akaeleza: mita, mitungi, vipuri. Alieleza vizuri. Wajumbe wawili waliokuwa mafundi walianza kutikisa vichwa kuafiki, mmoja akaandika. Bibi wa kitenge alimtazama kwa macho makavu, na Kassian akajilazimisha kumtazama pia. Akasema kwamba alikosea, kwamba anajua hakuna neno la kuwarudisha. Hilo halikuwa uongo, na lilimtoka kwa shida kuliko yale mengine yote.

Kiooni, uso wa Halfani ulianza kulegea. Hakutabasamu. Alikuwa kama mtu aliyebeba mzigo peke yake njia nzima, akahisi mkono mwingine umeshika upande wa pili. Kassian aliona, akajua kwamba amefanya sawa. Kwa dakika chache alijua hivyo.

Bi. Egla akafunga jalada.

"Fundi Ngonyani, kazi umeieleza. Lakini kazi hata karani anaweza kuieleza, akilishwa vitabu. Mimi nataka kujua kama mnajuana. Niambie jambo moja la mwaka huu, la wewe na yeye. Lisilo la mashine."

Kassian hakuwa amejiandaa kwa hilo. Miaka kumi na moja ilikuwa imefungwa kwa lakiri, na ndani ya kichwa chake alikuta vitu vya zamani tu. Akatafuta kilicho salama zaidi, kitu kisichobadilika. Alimkumbuka mke wa Halfani, Mama Shani, ambaye kila Idi alikuwa anaingilia simu ya mumewe kumsalimia yule fundi wa Makambako na kumwuliza lini atakuja kula wali wa nazi. Kila mwaka, bila kukosa.

"Idi hii iliyopita," akasema, "nilizungumza na shemeji. Mama Shani. Alinitania kama kawaida yake, kwamba wali wa nazi utaisha kabla sijafika."

Aliongeza na kicheko kidogo, kwa sababu alikuwa anauona huo wali.

Hakuna aliyecheka naye. Katibu alipeleka macho kwenye karatasi zake, kisha kwa mwenyekiti. Kassian alitazama kioo. Halfani alikuwa bado anamwangalia, lakini ule mkono wa upande wa pili ulikuwa umeachia, na mzigo wote umemrudia.

"Fundi Tambwe," Bi. Egla akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ni kweli?"

Halfani angeweza kusema ni kweli. Kassian alimwona akifikiria. Midomo ilifunguka.

"Mke wangu tulimzika mwaka jana, mwezi wa kumi na moja," akasema.

Akakohoa, kikohozi kile kile. Maneno yaliyofuata hayakuwa ya Kamati.

"Ulinipa pole, Kassian."

Kassian angeweza kudai amechanganya miaka. Angeweza kudai mambo mengi. Lakini alichokifanya, mbele ya Kamati na mbele ya wafiwa, kilikuwa kile ambacho mtu yeyote hufanya akisikia msiba kwa mara ya kwanza. Alikamata ukingo wa meza, akauliza kwa sauti ndogo:

"Mama Shani amefariki?"

Basi ikawa imekwisha. Mmoja wa wajumbe mafundi aliyekuwa akiandika aliweka kalamu. Katibu akaandika mstari mmoja, na kila mtu ukumbini alijua ameandika nini: hakukuwa na kauli. Polisi wawili waliokuwa wamekaa nyuma ya Halfani, ambao mpaka hapo walikuwa wakipiga miayo, walikaa vizuri.

Bi. Egla alisema kwamba kwa kumbukumbu za Kamati lakiri ifunguliwe, huo ujumbe wa pole usikilizwe. Halfani akaomba wasifanye hivyo. Aliomba kwa heshima, akamwita mama. Akasema ni wa kwake. Mwenyekiti akamjibu kwamba anasikitika, lakini ni ushahidi, na akamwashiria katibu.

Sauti ya Kassian ikajaa ukumbi. Ilikuwa yake kabisa, na kile kigugumizi chake kidogo kabla ya herufi ngumu kilikuwamo.

"Shikamoo kaka Halfani. Nimeipata habari nikiwa juu ya ngazi. Nimeshuka, nimekaa chini. Mimi maneno ya shule sina, unanijua. Nilipofiwa na mama yangu watu walisema mengi, sikumbuki hata moja. Nawakumbuka waliokuja wakakaa."

Kassian aliyatambua yale maneno ya mama yake. Alishawahi kuyasema, zamani, kwa mtu mwingine, na karani aliyachukua akayapanga upya. Yalikuwa mazuri. Yalikuwa mazuri kuliko ambavyo yeye angeweza leo, akiwa amesimama hapa, na msiba umemfikia dakika tatu zilizopita.

"Basi na mimi nakaa na wewe, kaka. Kila siku baada ya Alasiri, popote nilipo, nitaweka kazi chini nikae. Huna haja ya kunijibu. Na wewe kaa tu."

Bibi wa kitenge alikuwa ameacha kumtazama Kassian. Alikuwa anatazama kioo. Kassian naye akainua macho.

Halfani alikuwa ameinamisha kichwa, mikono juu ya magoti. Midomo yake ilikuwa inasogea. Haikuwa dua. Alikuwa anafuatisha ile sauti, neno kwa neno, na penye kigugumizi alisimama, kisha akaendelea nayo bila kukosea hata mahali pamoja.

Katibu aliizima kabla haijafika mwisho. Halfani hakutambua, au hakujali. Aliendelea peke yake mpaka akamaliza.